Uchaguzi wa Kroatia wa 1908: yanayodhaniwa na yaliyotokea

Dhana: Kroatia ilikuwa ufalme huru.

Ilikuwa ufalme kwa jina. Mfalme wake, Franz Joseph, mtawala wa dola la Austria na Hungaria, alikaa Vienna, na Mapatano ya 1868 kati ya Kroatia na Hungaria yaliiweka Kroatia na Slavonia chini ya taji la Hungaria, ikiwa na bunge lake Zagreb, yaani Sabor. Dalmatia, eneo la pwani, haikuwamo, ilitawaliwa upande wa Austria.

Dhana: chama kilichoshinda kiliunda serikali.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo ulipo uchungu wa habari yenyewe. Gavana, aliyeitwa Ban, hakutokana na wingi wa wabunge. Mfalme alimteua kwa pendekezo la waziri mkuu wa Hungaria. Januari 1908 aliteuliwa Pavao Rauch, mtoto wa Levin Rauch aliyesimamia kupitishwa kwa Mapatano yale yale. Mwezi uliofuata wananchi wakapiga kura. Wagombea wa Rauch hawakupata hata kiti kimoja, huku wapinzani wake wa Muungano wa Wakroatia na Waserbia wakizoa zaidi ya viti 50 kati ya 88. Ungetarajia ajiuzulu. Sabor iliitishwa Machi, ikafungwa kabla ya kufanya kazi yoyote, naye akatawala bila bunge hadi alipoondolewa mwaka 1910.

Dhana: Wakroatia na Waserbia walikuwa maadui tangu zamani.

Jina la muungano huo, ulioundwa 1905, linatosha kujibu. Mwaka 1909 serikali iliwashtaki Waserbia 53 kwa uhaini mjini Zagreb, na 31 wakahukumiwa. Kwa maoni yangu, shabaha kubwa ya kesi ile ilikuwa kuuvunja ushirikiano huo.

Dhana: kura ile ya 1908 ilikuwa sauti ya umma mzima.

Sivyo. Wenye haki ya kupiga kura hawakufika asilimia 2 ya watu, maana sheria ilidai mali, kodi au cheo. Wanawake hawakuhesabiwa kabisa. Kura nayo haikuwa ya siri: mtumishi wa serikali alimtaja mgombea wake hadharani, na wakubwa wake wakisikia. Ndiyo maana sifuri ya Rauch ina uzito wa pekee kwangu; walimkataa hata wale aliokuwa na uwezo wa kuwafukuza kazi. Sheria mpya ya 1910 iliongeza wapiga kura mara kadhaa, na mwaka huohuo chama cha wakulima cha Stjepan Radić kikapata viti 9.