Darubini za dijitali za bunduki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Huku Texas, jirani akikwambia "leo tunatoka usiku," anazungumzia nguruwe. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa waliogeuka mwitu. Wahispania ndio waliowaleta upande huu wa dunia, na Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539. Leo makadirio ya Texas peke yake yanazidi milioni 2. Kundi likiingia kwenye mahindi yaliyopandwa juzi, hufukua mbegu mstari kwa mstari, na asubuhi unakuta ardhi imepinduliwa kama iliyopitiwa na jembe la trekta. Joto la mchana huwalaza vichakani, giza likiingia wanatoka kula. Ndiyo maana mkulima hutafuta darubini moja ya kulengea itakayomfaa mchana na usiku, na hapo hukutana na matangazo ya zile za dijitali.

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wenye ekari chache nje ya Houston na Dallas wameniuliza juu ya vifaa hivi mara nyingi, na karibu wote huja na dhana zilezile. Nazichukulia kwa uzito kwa sababu kifaa hiki hukaa juu ya bunduki yenye risasi. Ukikosea kuchagua, unaweza kumpiga ng'ombe wa jirani, au jirani mwenyewe.

Kwanza tujue ni kitu gani. Darubini ya kawaida ya bunduki ni vioo vitupu: mwanga unaingia mbele, unatokea kwenye jicho lako. Ya dijitali ni kamera. Mbele ina lenzi, katikati kihisi cha aina moja na kile cha simu yako, nyuma skrini ndogo unayoichungulia, na alama ya kulengea imechorwa juu ya hiyo picha. Betri ikikata, hata saa sita mchana, una bomba jeusi tu juu ya bunduki.

"Inaona gizani yenyewe"

Haioni. Kihisi chake kinataka mwanga kama jicho linavyoutaka, ila chenyewe hupokea pia mwanga wa infraredi, ambao sisi binadamu hatuuoni. Usiku wa mbalamwezi, kwenye uwanja wazi, unaweza kupata picha bila kuongeza chochote. Giza likiwa totoro, au ukiwa chini ya miti, ni lazima uwashe tochi ya infraredi, na hiyo tochi ndiyo itakayoamua unaona mpaka wapi. Wanunuzi wengi wanapotea hapa. Mtu anatoa dola 700 kwa darubini, kisha anaridhika na kitochi kilichokuja ndani ya boksi, ambacho mara nyingi huishiwa nguvu kabla ya kufika mwisho wa shamba. Afadhali darubini ya bei ya chini kidogo na tochi nzuri iliyonunuliwa peke yake, yenye mwali unaoweza kuukusanya au kuutawanya.

Tochi hizo ziko za namna mbili kuu. Za nanomita 850 (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga) huonyesha doa jekundu hafifu ukizitazama uso kwa uso. Za nanomita 940 hazionyeshi kitu, lakini vihisi huupokea mwanga wake kwa udhaifu, na umbali unapungua sana. Watu huchagua 940 wakihofia nguruwe ataona wekundu. Nguruwe ana macho dhaifu na pua kali kupita kiasi. Atakunusa muda mrefu kabla hajaliona lile doa, kwa hiyo chunga upepo unatoka wapi. Mimi hutumia 850.

Na nyasi ndefu zilizo karibu na mtutu, ukungu, au vumbi la barabara, vyote hurudisha ule mwanga usoni pako na skrini yote inakuwa nyeupe kama maziwa. Funga tochi juu kidogo, mbali na mtutu. Ukungu ukiwa mzito, rudi nyumbani.

"Si ndiyo ileile inayoona joto?"

Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na wauzaji hawajitahidi sana kuvitenganisha. Darubini ya joto haihitaji mwanga wowote. Inapokea miali ya joto yenye mawimbi ya mikromita 8 hadi 14, na kwenye uwanja wenye baridi nguruwe anawaka ndani yake kama kaa la moto. Kwa kugundua kwamba pale mbali kuna kiumbe, dijitali haiisogelei hata kidogo.

Lakini kugundua ni hatua ya kwanza tu. Zile za joto za bei ya kawaida, umbali ukiongezeka, hukupa donge linalong'aa. Unajua kuna mwili wenye joto, hujui una pembe au hauna. Ya dijitali, tochi ikiwa nzuri, inakuonyesha manyoya, pembe, waya wa uzio, na lile tawi lililo kati yako na mnyama ambalo lingeipotosha risasi.

Wapo wanaoamini ya joto inaona kupitia ukuta. Haioni hata kupitia kioo cha dirisha la gari, kwa sababu kioo huzuia mawimbi hayo. Wazoefu wa huku hubeba kifaa kidogo cha joto cha mkononi kwa kutafutia, na juu ya bunduki wanafunga dijitali kwa kutambulia. Mwenye pesa ya kimoja tu, na shamba dogo lililozungukwa na ng'ombe wa watu, namshauri dijitali bila kusita. Mwenye ranchi pana isiyo na mifugo anaweza kuanza na ya joto.

"4K ndiyo bora, na ikivuta mara 20 ni bora zaidi"

Namba hizi ndizo zinazowatoa watu pesa mfukoni. Kihisi cha 4K, yaani chenye nukta za picha (pikseli) nyingi sana, hakikupi picha ya 4K kama skrini ya ndani ni ya pikseli 1280 kwa 720, na skrini za aina hiyo ni za kawaida sana. Jicho lako linaishia pale skrini inapoishia. Usiku kuna jambo jingine. Ukizigawanya pikseli nyingi ndani ya kihisi kilekile, kila moja inakuwa ndogo na inakusanya mwanga kidogo, hivyo picha inajaa chembechembe. Kihisi cha pikseli chache lakini kubwa kinaweza kukishinda cha 4K giza likiwa zito. Uliza ukubwa wa kihisi, uliza pia ubora wa skrini, halafu omba uitazame jioni, nje ya duka.

Kuhusu kuvuta karibu, ukiona imeandikwa 4–20, ile 4 ndiyo kazi ya lenzi. Kutoka hapo kwenda juu ni kukuza picha, sawa na kuvuta picha kwenye simu kwa vidole viwili: ukubwa unaongezeka, habari mpya haiingii. Na lenzi inayoanza juu sana hukupa uwanja mwembamba. Nguruwe hutembea kwa kundi; ukimwona mmoja tu, hujui aliye kando yake ni nani.

"Mwanga wa mchana utaiunguza"

Dhana hii ilitoka kwenye darubini za usiku za zamani, zenye mrija wa kukuza mwanga, ambazo kweli mwanga mkali huziharibu. Ya dijitali haidhuriki na mchana. Yenyewe huweka kichujio mbele ya kihisi na kukupa picha ya rangi, usiku kichujio kinaondoka na picha inageuka nyeusi na nyeupe. Ila usiielekeze kwenye jua. Nikiri pia kwamba mchana kweupe, darubini nzuri ya vioo bado inaishinda kwa uwazi.

"Risasi moja, imeshalingana"

Nyingi zina utaratibu huu: unapiga risasi moja kwenye karatasi, unaisogeza alama mpaka kwenye tundu, basi. Tundu moja linakwambia risasi moja ilienda wapi, halikwambii bunduki yako inapiga wapi. Piga tatu kwa yadi 100, tafuta katikati yake, sogeza alama, kisha piga tatu nyingine kuhakiki. Kabla ya hapo zungusha kioo cha jicho mpaka alama ionekane kali, halafu ndipo urekebishe lenzi ya mbele. Malalamiko mengi ya "picha ina ukungu" nimeyamaliza kwa kuzungusha hicho kioo tu.

Pima pia umbali kati ya jicho na darubini. Baadhi zinataka uwe milimita 50 tu, nyingine 90. Bunduki ya risasi za .308 inarudi nyuma kwa nguvu, na ile ya milimita 50 imewachana watu wengi juu ya nyusi.

"Ukiwa nayo, unapiga chochote usiku"

Hapana, hata kidogo. Nguruwe mwitu kwenye ardhi binafsi ya Texas wanapigwa saa yoyote kwa ruhusa ya mwenye ardhi, na tangu 2019 hata leseni ya kuwinda haihitajiki kwa hilo. Paa wa mkia mweupe ni habari nyingine: mwisho ni nusu saa baada ya jua kuzama, na kumpiga usiku ni kosa la jinai. Majimbo mengine yana sheria zao. Mpigie simu askari wa wanyamapori wa kaunti yako kabla hujatoka, ajue mwanga na milio ile ni ya nani. Na tafadhali usiitie kwenye sanduku ukienda kusalimia nyumbani. Darubini za kulengea zimo kwenye vitu ambavyo Marekani inadhibiti kupelekwa nje ya nchi, na Kenya iliufunga uwindaji tangu 1977.

"Macho yakimetameta, huyo ndiye"

Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Ukimulika infraredi usiku, macho ya paa, ng'ombe, mbwa na koyote (mbwa mwitu mdogo wa huku) huwaka kama taa, kwa kuwa nyuma ya jicho wana utando unaorudisha mwanga. Nguruwe hana utando huo. Macho yake hung'aa kwa ufifi tu au hayaonekani kabisa. Anayesubiri macho mawili makali anasubiri mnyama asiye wake.

Rangi nazo hudanganya. Chini ya infraredi majani mabichi huwa meupe, nguo nyeusi inaweza kuonekana ya kijivu, na nguruwe mweusi akafanana na mbwa wa rangi ya mchanga. Tazama umbo: mabega mazito, kichwa kinachoanzia chini ya mstari wa mgongo, mwendo wa haraka wa miguu mifupi. Tazama tena. Wala usiitumie bunduki kutafutia, kwani kila unachokichungulia kupitia darubini iliyofungwa juu yake umeshakielekezea mtutu.

Mwaka fulani, mwezi wa pili, nilikuwa na rafiki kwenye ukingo wa shamba lake la karanga. Kwenye kifaa cha joto tuliona donge moja, chini chini, mita kama 200, likisogea taratibu huku kichwa kikiwa ardhini. Rafiki alikuwa na hakika. Nilimwomba tungoje. Niliwasha tochi ya infraredi na kuchungulia kwa dijitali ndogo ya mkononi. Nyasi zilificha miguu, nikaona mgongo tu. Tulikaa pengine dakika kumi. Kisha akainua kichwa, macho yakawaka, na kwenye sikio la kushoto nikaona kipande cha plastiki chenye namba. Ndama wa jirani, alikuwa amepita palipokatika uzio. Rafiki alitoa risasi kwenye bunduki, akaiweka garini, tukaenda kumtoa kwa kamba.