Genappe, 17 Juni 1815: upanga na mkuki barabarani

Darasani, likitajwa jina la Waterloo, vita alivyoshindwa Napoleon, kila mtu hukimbilia tarehe 18 Juni 1815. Mimi huanzia siku moja kabla, katika barabara ya Genappe, kusini mwa Brussels. Pale swali la upanga na mkuki, ipi ni silaha bora kwa mpanda farasi, lilijibiwa mara mbili mchana mmoja, na majibu yakapingana.

Waprusia, washirika wa Waingereza, walikuwa wameshindwa na Wafaransa huko Ligny tarehe 16. Wellington, jemadari wa Waingereza, aliyekuwa Quatre Bras, akaachwa ubavu wazi, na kesho yake akaanza kurudi nyuma kuelekea Mont-Saint-Jean, karibu na Waterloo. Askari wa miguu walitangulia. Wapanda farasi wa Lord Uxbridge, mkuu wa wapanda farasi wa Wellington, wakabaki kuwazuia Wafaransa. Kazi hiyo haina ushindi. Unageuka, unamtia adui wasiwasi, unaondoka kabla hajakuzunguka.

Kisha mvua ya radi ikamwagika. Mashamba yakawa tope, pande zote mbili zikalazimika kung'ang'ania barabara, nayo ilipita kwenye daraja jembamba la mto Dyle na katikati ya nyumba za Genappe.

Askari wa mikuki wa Ufaransa, nao wapanda farasi, walipofika mwisho wa nyumba, Uxbridge aliwatupia mahusari (wapanda farasi wepesi wenye panga) wa rejimenti ya 7, rejimenti aliyokuwa kanali wake mwenyewe. Sasa tazama Wafaransa walivyokaa: kushoto na kulia kuta, nyuma wenzao wamesongamana, hata anayetaka kukimbia hana pa kupita, mbele safu ya ncha za chuma. Ubavu wa kushambulia haupo. Na farasi si mjinga, hajitupi kwenye miiba kwa sababu tu mpanda wake anapenda sifa. Panga hazikufika. Kwa mahusari, Meja Hodge akauawa, Kapteni Elphinstone akatekwa.

Wengi huishia hapo na kusema mkuki ni bora. Ngoja kwanza. Wafaransa walipata ari, wakatoka kijijini wakaanza kupanda mwinuko. Uxbridge akawateremshia Life Guards, wapanda farasi wazito wa Uingereza wenye panga, watu wakubwa juu ya farasi wakubwa, kasi ya mteremko ikiwasaidia. Kuta hazikuwepo tena kuwakinga Wafaransa. Upanga ukishapita ncha ya mkuki, mwenye mkuki amebaki na fimbo ndefu inayomchosha mkono. Walisukumwa wakarudi mpaka ndani ya kijiji.

Kanali Sourd, wa rejimenti ya 2 ya mikuki ya Ufaransa, alijeruhiwa vibaya mkono. Mpasuaji Larrey akaukata, naye akapanda tena farasi wake. Uxbridge alitoka mzima. Mguu wake ulikatwa kesho yake, baada ya Waterloo.