Kabla na baada ya baiskeli: dhana potofu kuhusu chakula na ukweli wake

Tarehe 18 Julai 2013, mwendesha baiskeli Chris Froome alikuwa akipanda mlima Alpe d'Huez akiwa amevaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mashindano ya baiskeli ya Tour de France. Kilomita chache kabla ya kileleni, mwili ukamgomea. Akainua mkono, na mwenzake wa timu Richie Porte akarudi nyuma hadi kwenye gari kumchukulia jeli za sukari. Kanuni hazikuruhusu mtu kupokea chakula akiwa amekaribia mwisho kiasi hicho, kwa hiyo Froome akaongezewa sekunde 20 za adhabu. Mashindano aliyashinda, lakini kisa hicho hakinitoki akilini. Ikiwa mtu mwenye wataalamu wa lishe na gari linalomfuata anaweza kuishiwa nguvu barabarani, sisi tunaotegemea ushauri wa kuambiana tuna kila sababu ya kuupima ushauri wenyewe.

Na ushauri huo una kasoro moja inayojirudia: unakitaja chakula bila kuiuliza safari. Mtu ataambiwa ashibe wali, aogope sukari, anywe protini ndani ya nusu saa, na hakuna aliyemuuliza anaendesha dakika ngapi, kwa nguvu kiasi gani, na atapanda baiskeli tena lini. Maswali hayo matatu ndiyo yanayoamua karibu kila kitu.

"Ukitaka nguvu kesho, shindilia wanga usiku wa leo"

Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni: kati ya gramu 300 na 500 kwenye misuli, na gramu 80 hadi 100 hivi kwenye ini. Ghala hilo likijaa huwa na takriban kilokalori 1,600 hadi 2,000, na humfikisha mtu dakika 90 hadi saa mbili za kuendesha kwa nguvu.

Tupige hesabu. Anayekanyaga pedali kwa wati 150 kwa saa nzima amefanya kazi ya kilojuli 540. Kwa kuwa karibu robo tatu ya nishati anayochoma hupotea kama joto, na kilokalori moja ni kama kilojuli nne, jumla ya matumizi yake huangukia karibu kilokalori 540. Tena sehemu ya hizo hutoka kwenye mafuta ya mwili. Anayetoka kwa saa moja, basi, ana akiba tele kutokana na milo yake ya kawaida, na sahani ya ziada usiku haimwongezei chochote barabarani.

Hata hivyo, dhana hii ina mzizi wa kweli, na mzizi wenyewe unavutia. Mwaka 1966 watafiti wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walikaa pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka akachoka kabisa. Siku tatu zilizofuata wakala wanga kwa wingi, huku wakitoa vipande vidogo vya misuli kwa sindano na kuvipima. Mguu uliofanya kazi ulikuwa na glaikojeni karibu maradufu ya ule uliopumzika. Damu ni ileile, chakula ni kilekile, lakini misuli iliyotumika ndiyo iliyopokea zaidi.

Ndiyo maana wanaojiandaa kwa mbio zinazozidi dakika 90 hushauriwa kula gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, katika saa 36 hadi 48 za mwisho. Hiyo ni kazi ya siku nzima na nusu au mbili. Mlo mmoja mkubwa saa nne usiku hauwezi kuifanya, zaidi utakuharibia usingizi.

"Endesha asubuhi bila kula, mafuta yatayeyuka"

Ni kweli kwamba aliyeamka na kupanda baiskeli kabla ya kula hutumia mafuta zaidi katika saa ile. Kosa linaingia pale anapodhani mafuta yaliyotumika saa ile ndiyo yaliyopungua mwilini. Baadaye mchana mwili hufidia, na mwisho wa wiki kinachoonekana kwenye mizani ni jumla ya alichokula dhidi ya jumla ya alichotumia. Watu waliopewa kalori sawa, wengine wakifanya mazoezi kabla ya kula na wengine baada ya kula, hupungua mafuta kwa kiasi kilekile.

Kuna jambo lingine hapa ambalo watu wengi hulikosea. Usiku tukilala, ini huendelea kuulisha ubongo glukosi, yaani sukari ya damu, kwa hiyo asubuhi glaikojeni ya ini huwa imepungua sana. Ile ya kwenye misuli haijaguswa. Umeamka nayo kama ulivyolala nayo. Ndiyo sababu mtu mwenye afya anaweza kuendesha taratibu chini ya saa moja bila kifungua kinywa na asipate shida. Akiongeza mwendo au muda, miguu bado inaweza lakini kichwa hakiwezi: anazubaa, anakasirika bila sababu, anaona kizunguzungu, anakata kona vibaya. Huko kuzubaa ndiko kunakonitia hofu kuliko uchovu, maana humkuta mtu kwenye mteremko au katikati ya magari. Mwenye kisukari anayetumia insulini asijaribu kabisa kabla ya kupanga na daktari wake.

Na wale wanaoifanya njaa kuwa desturi, wakiendesha kwa bidii siku baada ya siku huku wakijinyima, wanapaswa kujua kuwa mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliieleza rasmi hali inayompata mwanamichezo anayekula pungufu ya anachotumia kwa muda mrefu. Homoni huvurugika, hedhi hukatika, kinga hushuka, mifupa hudhoofika. Huwapata wanawake na wanaume. Kwa mwendesha baiskeli mifupa ni suala zito zaidi, kwa sababu baiskeli hubeba uzito wake na mifupa haipati ule mtikisiko wa kukimbia au kuruka unaoiimarisha.

"Sukari kabla ya safari hukuangusha"

Wapo ambao wakila sukari dakika 30 hadi 60 kabla ya kuanza, glukosi ya damu hushuka kidogo mwanzoni mwa safari kwa sababu insulini imeshapanda. Mara nyingi hushuka kwa muda mfupi tu, na uwezo wa kuendesha haupungui. Ukiwa mmoja wa wachache wanaojisikia vibaya, kula mapema zaidi, au subiri mpaka uko dakika tano tu kabla ya kuondoka.

Kinachowaangusha watu kabla ya safari, kwa ninavyoona, ni mafuta na nyuzinyuzi. Vyote ni chakula kizuri, ila hukaa tumboni muda mrefu, na tumbo lililojaa likiinamishwa juu ya usukani hulalamika. Mwongozo unaotumika sana ni gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito, saa 1 hadi 4 kabla: muda ukiwa mfupi, kiasi kiwe kidogo. Mtu wa kilo 70 aliyebakiwa na saa moja anahitaji gramu 70 hivi, yaani vipande viwili vya mkate vilivyopakwa jamu, na ndizi moja. Akiwa na saa tatu anaweza kula mlo kamili wa wali au viazi, na mayai au kuku kidogo, akapanda baiskeli tumbo likiwa jepesi.

Kahawa nayo husingiziwa kwamba hukausha mwili. Kwa kiasi cha kawaida haikaushi, na miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito humsaidia mwendeshaji waziwazi. Zamani kafeini nyingi ilikuwa kosa michezoni. Iliondolewa kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2004.

"Kula njiani ni kwa wanaoshindana"

Niliwahi kuamini hivyo, na nimeona safari nyingi nzuri zikiharibika kwa imani hiyo. Kabla na baada hutenganishwa na safari yenyewe, na mtu akiiruka hiyo katikati, hakuna kifungua kinywa kitakachomwokoa saa ya tatu.

Chini ya saa moja, maji yanatosha. Kuanzia saa moja hadi mbili na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Zaidi ya hapo unaweza kufika gramu 90, lakini kwa sharti: glukosi ichanganywe na fruktosi, yaani sukari ya matunda. Mlango ambao glukosi hupitia kwenye utumbo hujaa ukifika karibu gramu 60 kwa saa, na fruktosi ina mlango wake. Anayejaza glukosi peke yake kupita kiwango hicho huishia na tumbo linalosokota. Hata milango yote miwili huhitaji mazoezi, kwa hiyo anza kwa kiasi kidogo na uongeze wiki baada ya wiki. Usijaribu kitu kipya siku ya mashindano. Watafiti waliowapima waendeshaji wa Tour de France na kuchapisha matokeo yao mwaka 1989 walikuta wanatumia karibu kilokalori 6,000 kwa siku, na karibu nusu ya walichokula walikila wakiwa juu ya baiskeli.

Kisha kuna jambo ambalo nililisoma mara mbili nilipokutana nalo mara ya kwanza. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwapa waendeshaji kinywaji cha wanga wasukutue na kukitema, bila kumeza hata tone. Katika jaribio la takriban saa moja walikuwa na kasi zaidi kwa karibu asilimia 3. Glukosi ilipoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, haikusaidia. Ubongo huonja sukari mdomoni na kulegeza breki kabla misuli haijapokea chochote.

"Ndizi huzuia misuli kukaza"

Ndizi ni chakula kizuri cha njiani: laini, ina gramu 25 hivi za wanga, na inakuja na ganda lake. Ila sifa ya kuzuia misuli kukaza haistahili. Hoja huwa ni potasiamu, na ndizi moja ina karibu miligramu 400, lakini chumvi inayotoka kwa wingi kwenye jasho ni sodiamu, na potasiamu ya ndizi huchelewa kuingia kwenye damu na huongeza kidogo tu. Misuli hukaza zaidi ikichoshwa kupita ilivyozoea. Simama, inyooshe, kisha rudi kwa mwendo wa chini.

"Maji hayawi mengi"

Yanakuwa. Katika mbio za miguu za Boston Marathon mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu wakifika, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiasi. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliomaliza wakiwa wazito kuliko walipoanza, yaani walikuwa wamekunywa kuliko walivyotoa jasho. Hali hiyo inaweza kuua.

Dawa yake ni mizani. Jipime kabla na baada ya safari, ukiwa umevaa nguo chache. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Ukihitaji kurudisha maji haraka, kunywa lita moja na robo hadi moja na nusu kwa kila kilo, taratibu, pamoja na chakula chenye chumvi ili maji yabaki mwilini.

"Usipokula ndani ya dakika 30, mazoezi yamepotea"

Dhana hii imewauzia watu unga mwingi wa makopo. Ilianzia kwenye ukweli: utafiti wa mwaka 1988 uliofanywa kwa waendesha baiskeli ulionyesha kuwa aliyechelewa kula kwa saa mbili hujaza glaikojeni kwa kasi ndogo zaidi katika saa chache zinazofuata. Baadaye watu wakapimwa baada ya saa 8 na saa 24, na tofauti haikuwepo tena, alimradi jumla ya chakula ilikuwa sawa.

Basi linarudi swali la tatu: utapanda tena lini? Ukiwa na safari nyingine ngumu jioni ileile, usisubiri. Kula gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo kila saa, kwa saa nne za kwanza. Ukiwa unapanda tena kesho kutwa, oga, pumzika, kula mlo wako ukiwa tayari.

Protini ina kazi yake, kukarabati misuli, na gramu 20 hadi 40 kwa mlo mmoja zinatosha. Mayai matatu hukaribia gramu 20, na nusu lita ya maziwa haiko mbali. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Montana kilichapisha jaribio la wanaume 11: baada ya kuendesha dakika 90, siku moja walikula bidhaa maalumu za michezo, siku nyingine chipsi, mikate ya nyama na vyakula vingine vya haraka vyenye wanga sawa. Misuli ilijaza glaikojeni sawasawa, na muda wao wa kilomita 20 saa chache baadaye haukutofautiana. Sishauri mtu ale chipsi kila siku. Nasema tu kwamba misuli haisomi lebo.

Pombe ndiyo ya kuchelewesha. Katika jaribio la mwaka 2014, unywaji mwingi baada ya mazoezi ulipunguza ujenzi wa protini ya misuli kwa asilimia 24, hata pale pombe ilipoandamana na protini ya kutosha.

"Nimeendesha, leo nile chochote"

Saa moja ya kuendesha polepole inaweza kuwa kilokalori 300 au 400, na keki moja kubwa pamoja na kinywaji kitamu huzirudisha zote. Lakini nisingependa mtu asome hapo akajinyime. Yule anayefika nyumbani akifungua kabati kabla hajavua kofia ya baiskeli, na kula kwa haraka mpaka tumbo linamuuma, mara nyingi hakosi nidhamu. Aliondoka na kikombe cha chai, akaendesha saa tatu kwa chupa moja ya maji. Safari ijayo aweke ndizi mbili mfukoni na aile ya kwanza kabla njaa haijamfikia, dakika ya 40 hivi.