Pikipiki porini kwenye joto kali: pale upepo unapoacha kupoza

Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron hufuata ukingo wa Bonde la Ufa, ikapita Engaruka na kufika Engare Sero, karibu na mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Ni zaidi ya kilomita 100 za changarawe, mchanga, makorongo na vumbi la volkano. Siku hizi wageni huja na pikipiki kubwa za lami na porini kwa ajili ya kufurahia safari. Lakini njia za namna hii zimekuwa zikipitwa miaka nenda miaka rudi na maafisa mifugo, wauguzi na wapeleka chanjo, juu ya pikipiki za ofisi, Honda XL na Yamaha DT. Mimi ni daktari wa huduma za dharura. Kabla ya kusomea udaktari nilikuwa tabibu wa kliniki za mkoba, nikiendesha DT 125 yenye sanduku la chanjo nyuma. Nawaandikia wote hao, maana joto halimbagui mtalii na mtumishi.

Wengi wanaodhuriwa na joto njiani ni waendeshaji makini. Wanavaa kofia ngumu, wanapima upepo wa tairi, wanabeba tyubu ya akiba. Kinachowaponza ni kuuamini upepo wa mwendo.

Ngozi ya binadamu huwa na joto la nyuzi 33 hadi 35 hivi. Hewa ikiwa na nyuzi 25, upepo unaokupiga kifuani huchukua joto la mwili na kuondoka nalo. Hewa ikifika nyuzi 38 au 40, kama inavyotokea mara nyingi kule Natron, upepo uleule unakuletea joto badala ya kukuondolea. Simama mbele ya tanuri la mikate lililofunguliwa, utaelewa. Hapo kinachokupoza ni jasho peke yake, tena pale linapokauka. Na kwenye hewa kavu ya bondeni, ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, jasho hukauka kabla hujalihisi. Unafika kituoni fulana kavu, unasema leo sikutoka jasho. Angalia kola: ile michirizi myeupe ni chumvi yako.

Kwa hiyo kuvua koti au kulifungua wazi kwenye joto kavu la zaidi ya nyuzi 35 ni kujikausha. Lowesha fulana ya pamba na kitambaa cha shingoni, vaa koti jepesi juu yake, fungua matundu kidogo tu ili maji yakauke taratibu. Rudia kila unaposimama. Pwani ni habari nyingine: Tanga au Lindi hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, linachuruzika tu. Huko fungua koti, upepo upite, na pumzika kivulini mara nyingi zaidi.

Sehemu ya hatari kuliko zote ni ile fupi ya mchanga au mawe. Mwendo unashuka hadi kilomita 10, upepo unakatika, injini inakuunguza mapaja, misuli inafanya kazi kama ya kubeba magunia. Ukianguka mara mbili na kuinua pikipiki ya kilo 150 kwa mikono yako, joto la mwili linapanda haraka mno. Ukianguka, zima injini, kaa kivulini, vua kofia, kunywa, mapigo ya moyo yatulie. Ndipo uinue pikipiki, ikiwezekana mkiwa wawili. Nimewaona vijana wenye afya njema wakiinua kwanza kwa aibu ya kutazamwa, na nawasihi mwache aibu hiyo.

Pikipiki nayo inateseka hapohapo. Injini inayopozwa kwa hewa hukosa hewa, na kucheza na klachi mchangani huichoma mapema. Yenye rejeta, usifungue kifuniko chake ingali ya moto; maji yaliyo chini ya shinikizo yatakurukia usoni. Upepo wa tairi pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, na petroli ya kwenye kidumu usiimimine karibu na eksozi yenye moto.

Kuhusu maji: kunywa robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Safari ya saa 6 ni karibu lita 6 za kunywa, na nyingine 2 za kujimwagia. Mkoba wa mgongoni wenye mrija unasaidia kwa sababu hulazimiki kusimama. Lakini usipitishe lita moja na nusu kwa saa: maji matupu mengi mno huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo huua. Changanya pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, au kula chakula chenye chumvi. Maji ya Ziwa Natron yenyewe ni ya magadi makali, hayanyweki kabisa. Pombe ya jana usiku hukupotezea maji. Mirungi huongeza mapigo ya moyo na joto la mwili huku ikiuficha uchovu. Anayefunga Ramadhani aondoke alfajiri na amalize safari kabla ya saa 4, au aiahirishe.

Kutoka Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya bahari, hadi Engare Sero kwenye mita 600 hivi, unashukia joto zaidi kwa nyuzi 5 kwa sababu ya mwinuko peke yake. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kulizoea. Siku ya kwanza iwe fupi. Mwenyeji naye asijidanganye: mwili uliozoea joto hutoa jasho mapema na kwa wingi, hivyo unahitaji maji mengi zaidi.

Sasa mwangalie mwenzako. Kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, kukosea gia, hasira isiyo na sababu: msimamishe, apumzike kivulini, anywe. Akianza kuropoka, kuyumba, au akishindwa kutaja kijiji mlichopita sasa hivi, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo unaharibika. Usingoje jasho likatike ndipo uamini, maana aliyekuwa akifanya kazi ngumu anaweza kuwa bado amelowa.

Mpoze kwanza, hospitali baadaye. Mvue koti, buti na kofia, mmwagie maji yote mliyo nayo mwili mzima, mumpepee kwa nguvu kwa koti au kanga. Mkiwa karibu na mto wa Engare Sero, mlazeni ndani ya maji, kichwa kikishikiliwa juu. Panadol haisaidii, kwa kuwa hii si homa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, mlaze ubavu. Mmoja apige simu au afuate gari huku wengine wakiendelea kumwagia na kupepea. Na hata akizinduka akasema yuko sawa, asipande tena pikipiki siku hiyo: apelekwe kwa gari, madirisha wazi, nguo zake zikiwa bado zimelowa.