Kambakoche hakimbii: kuanza kumzamia kwa pumzi moja

Wanaokuja kwangu kujifunza huuliza kwanza kambakoche anashikwaje. Nami huwaambia tuanze na jinsi mtu anavyozirai mita mbili tu chini ya boya lake.

Hamu ya kuvuta pumzi huletwa hasa na hewa ukaa inayojaa mwilini, si kupungua kwa oksijeni. Ukihema harakaharaka kabla ya kuzama, unaifukuza hewa ukaa hiyo, na oksijeni karibu haiongezeki. King'ora umekizima, moto uko palepale. Kule chini unajisikia salama, maana kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu na oksijeni inasukumwa vizuri kuingia kwenye damu. Unapopanda, mgandamizo unalegea, msukumo huo nao unaporomoka, na ghafla fahamu zinapotea. Wengi huzirai karibu na uso wa maji, wengine wakiwa wameshaibuka. Kwa hiyo pumua taratibu dakika mbili tatu, vuta pumzi moja kubwa, toa mrija wa kupumulia mdomoni, zama.

Kambakoche sasa. Mchana hujikunyata ndani ya shimo, sharubu zikichungulia nje. Unaingiza mkono, anarudi nyuma. Unaongeza bega, anarudi tena. Hapo ndipo watu hufia. Mimi mwenyewe niliwahi kung'ang'ania hivyo, na nilipoibuka mwenzangu alilazimika kunishika kidevu kisizame huku mikono ikinitetemeka. Mkononi nilikuwa na kipande cha sharubu, basi.

Tangu siku hiyo, mzamio wa kwanza kwangu ni wa kutazama tu: shimo linaelekea wapi, lina mlango wa pili, kuna mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, ndani? (Mkunga hupenda mashimo yaleyale, na meno yake hayana utani.) Kisha napanda na kupumzika si chini ya mara mbili ya muda niliokaa chini. Kamba utamkuta. Mchana hana safari.

Mwenzako awe juu wewe ukiwa chini, mpokezane. Wawili wenye vichwa mashimoni kwa wakati mmoja ni sawa na kila mtu peke yake. Awe na uwezo wa kufika kina chako, na ukiibuka akutazame usoni sekunde 30 kabla ya kuangalia mfuko.

Vifaa sivipi maneno mengi. Miwani ifunike pua, ili uweze kuipulizia hewa isikubane uso. Masikio yasawazishe (bana pua, puliza taratibu) tangu mita ya kwanza. Yakiuma, rudi juu. Kosa la wengi ni mkanda wenye risasi nyingi, yaani vizito vya kuzamisha, kiunoni: ukitoa pumzi yote juu ya maji, bado uelee. Mkanda ufunguke kwa mkono mmoja.

Kumshika ni kazi ya glavu. Kambakoche hana magando ila ana miiba. Mgandamize mgongoni, lishike gamba, usivute sharubu. Mfuko usiufunge kwenye kifundo cha mkono, maana ukinasa kwenye mwamba umenasa nawe.

Kipimo cha urefu na msimu unaoruhusiwa vijue kabla hujalowa. Kabla ya kumtia mfukoni, mpindue. Ukiona vichane vya mayai, vya rangi ya chungwa au kahawia, chini ya mkia, mrudishe kwenye shimo lake, umwelekeze mkia kwanza; ataingia mwenyewe.