Je, wajua kwa nini kidhibiti cha nyumba janja huweza kufa kingali kizima?

Tarehe 15 Mei 2016, kidhibiti cha nyumba kiitwacho Revolv, yaani kifaa kinachoongoza taa na vyombo vingine vya nyumbani, kiliacha kufanya kazi kwa wateja wote, ingawa ndani yake hapakuwa na waya uliokatika wala saketi iliyoungua. Kampuni ya Nest, iliyokuwa imeinunua Revolv mwaka 2014, ilizima seva, yaani kompyuta za mbali, zilizokiendesha, na bila seva hizo kidhibiti hakikuweza kuwasha hata taa moja. Mwezi Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumba janja, nazo zilizimika ghafla, lakini swichi zake ziliendelea kuwasiliana kupitia nyaya za umeme na mawimbi ya redio, na waliokuwa na programu ya kuziongoza humo humo nyumbani hawakupoteza mengi.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa mnunuzi ni hili: amri ya kuwasha taa hupitia wapi? Ikilazimika kutoka nje ya nyumba na kurudi, uhai wa kifaa uko mikononi mwa kampuni.

Swali la pili linahusu itifaki, yaani kanuni za mawasiliano baina ya vifaa. Itifaki inayomilikiwa na mtengenezaji mmoja huweza kutoweka pamoja naye, ilhali KNX, ambayo chimbuko lake ni mfumo wa EIB wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni kiwango cha kimataifa kinachotumiwa na mamia ya watengenezaji. Ndiyo maana ninaiona kuwa chaguo bora kwa jengo ambalo bado linajengwa, kwa kuwa kwa kawaida huhitaji nyaya zake zenyewe. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, itifaki za Zigbee na Z-Wave hutumia redio. Hata hivyo, masafa ya redio ya Z-Wave hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kifaa cha Ulaya hakisikilizani na kidhibiti cha Marekani. Itifaki ya Matter, iliyotolewa Oktoba 2022, imebuniwa ili vifaa viongozwe ndani ya mtandao wa nyumbani, ingawa nembo yake haimlazimishi mtengenezaji kuendelea kutoa masasisho ya usalama milele.

Kuhusu kidhibiti, programu huria kama openHAB, iliyoanza mwaka 2010, na Home Assistant, ya mwaka 2013, huendeshwa kwenye kompyuta ndogo ya mwenye nyumba, na kompyuta hiyo ikiharibika, nakala ya mipangilio huhamishiwa kwenye nyingine. Kabla ya kununua vifaa vingi, nunua kimoja, kata intaneti, kisha ubonyeze swichi uone kama taa itawaka.