Kubadili pawasaplai ya kompyuta nyumbani: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi wanaamini kubadili pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, ni kazi ya fundi peke yake. Si kweli, kwenye kesi nyingi za kawaida ni skrubu nne tu nyuma, unachomoa waya za zamani unachomeka mpya, bisibisi moja inatosha. Kinachoua mashine ni plagi na namba ambazo watu hawazisomi, na hapo ndo maneno ya uongo yamejaa.

Baya kuliko yote ni hili la "waya ni waya, tumia zilezile". Mtu kanunua pawasaplai ya modula, zile ambazo waya zinachomoka hadi upande wa pawasaplai yenyewe, anaona tabu kupitisha waya upya kwenye kesi anaacha za zamani humohumo. Jamani msifanye hivi. Upande wa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na diski plagi za kawaida zina mpangilio mmoja, ila upande wa pawasaplai hakuna, kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza zisilingane. Plagi inaingia vizuri tu, unawasha, volti 12 zinaenda panapotakiwa volti 5 na diski yenye picha zote za familia imeungua hapohapo. Toa waya ZOTE, weka zilizokuja na boksi jipya. Na ile plagi ya prosesa ya pini 8 sio ile ya kadi ya grafiki ya pini 8, zinafanana ila volti 12 na eathi zimepishana, ikigoma kuingia usilazimishe.

Eti pawasaplai ya ATX, yaani ya umbo na plagi za kawaida za madukani, inaingia kwenye desktopu yoyote? Hapana. Hizi mashine used za maofisini tunazonunua Kariakoo au Luthuli nyingi zina plagi zake. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 mazabodi yake inatumia pini 8 badala ya 24, na HP nyingi nazo zina plagi zao na umbo lao, kwa hiyo fungua kesi upige picha plagi na lebo kabla hujatoka kwenda dukani. Alafu kama pawasaplai ina kiswichi chekundu nyuma hakikisha kipo 230, maana kikiwa 115 kwa umeme wetu italipuka mara tu ukichomeka.

"Wati 750 itamaliza Luku." Hapana, inavuta kile mashine inachohitaji na kidogo kinachopotea kama joto. Mashine ikitumia wati 200 na ufanisi ukiwa asilimia 85, ukutani inavuta kama 235, iwe imeandikwa 500 au 750. Cha kuangalia ni mstari wa volti 12 kwenye lebo, kuna pawasaplai za bei chee zimeandikwa 500W kwa herufi kubwa ila kwenye 12V kuna ampea 18 tu, zidisha upate wati 216, na prosesa na kadi ya grafiki vyote vinakula hapo kwenye 12. Nembo ya 80 Plus nayo inapima ufanisi tu, haikwambii kama ina kinga ya shoti au umeme ukizidi.

Kuna wanaochomoa umeme wakafungua boksi la pawasaplai kuchomelea kapasita, wakidhani haina moto tena. Kapasita kubwa za ndani zinaweza kubaki na volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomoa, hiyo inaua mtu, kwa hiyo mwisho wako ni skrubu za kesi.

La feni nalo, "feni inazunguka basi nzima". Kuunganisha waya wa kijani na mweusi wa plagi ya pini 24 kwa klipu kunaonyesha tu kwamba inawaka, haikwambii itafanyaje ikibebeshwa mzigo. Pima kwa mita wakati mashine inafanya kazi, waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, na kama inashuka chini ya hapo ukifungua gemu basi ndo hiyo inayokuzimia mashine kila siku.